Mwongozo Kamili wa Hija ya Kibeho kwa Anayetafuta Tumaini

Mahujaji wengi wanaorudi kutoka Kibeho, mahali pa hija ya Bikira Maria nchini Rwanda, huuliza swali moja: nimekwenda, nimesali, nimechota maji, mbona nimerudi na mzigo ule ule? Ukiwauliza walivyoitumia safari yao, majibu hufanana. Walikaa ndani ya basi mchana na usiku, wakalala vitini, na katika saa chache walizokaa Kibeho walipanga foleni ya maji, wakapanga foleni ya kununua rozari, wakapiga picha mbele ya sanamu, kisha kiongozi wa msafara akawaita garini. Jambo lililowatoa nyumbani, liwe ni mtoto aliyezama katika ulevi, ndoa iliyovunjika au msiba usiokwisha, halikupata hata nusu saa ya kutulia mbele ya Mungu.

Mwongozo huu unawahusu hao, hasa wanaotoka Tanzania kupitia Rusumo, kituo cha mpakani kati ya Tanzania na Rwanda, ingawa sehemu kubwa inamfaa pia anayetoka Kenya, Uganda au Kongo. Historia ya Kibeho haisimuliwi hapa. Msafiri anahitaji kujua mambo machache tu. Matokeo ya Bikira Maria, yaani kuwatokea watu kwake, yalianza tarehe 28 Novemba 1981 katika shule ya wasichana, kusini mwa Rwanda. Askofu Augustin Misago wa Jimbo la Gikongoro aliyatambua rasmi tarehe 29 Juni 2001, na utambuzi huo unawahusu waonaji, yaani wasichana waliotokewa, watatu pekee: Alphonsine Mumureke, Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango. Kiini cha ujumbe wao ni toba, pamoja na sala isiyo na unafiki, na ni hiyo sala isiyo na unafiki inayoongoza hatua zote zinazofuata, kwa sababu mtu anayemficha Mungu jambo linalomuuma hawezi kupokea tumaini juu ya jambo hilohilo.

Vitu vya kuandaa

Andaa vitu hivi angalau mwezi mmoja kabla ya safari:

- Hati ya kusafiria. Mtanzania aende na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji. Wakenya na Waganda huweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtoto awe na hati yake mwenyewe, na kama hasafiri na wazazi wote wawili, awe na barua ya ridhaa yao.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano.
- Sweta au koti, soksi nzito, na viatu vya kufunga. Kibeho iko milimani. Mtu wa Dar es Salaam aliyezoea kulala bila shuka hushangaa usiku wa kwanza.
- Rozari ya Mateso Saba, ambayo si sawa na Rozari ya kawaida. Ina makundi 7 ya punje 7, na kila kundi hutenganishwa na medali ndogo inayoonyesha teso mojawapo la Bikira Maria. Ukiikosa, unaweza kuinunua huko huko, lakini ni heri uwe umeshaizoea.
- Biblia na daftari dogo.
- Dawa zako zote za siku zote za safari na akiba ya siku kadhaa, pamoja na karatasi ya daktari inayozitaja.
- Dumu dogo lenye kifuniko kinachokaza kwa ajili ya maji ya chemchemi, na begi la kitambaa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008.
- Faranga za Rwanda, hata kidogo. Badilisha fedha mpakani au Kigali, usisubiri kufika Kibeho.

Kama msafara wenu una padre, akumbushwe kuchukua barua ya utambulisho kutoka jimboni kwake. Padre mgeni asiye na barua hiyo anaweza kuzuiwa kuadhimisha Misa au kuungamisha, na mkiikosa huduma yake mtaipata hasara kubwa, kama itakavyoonekana katika hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kuangalia unachokitafuta

Siku kubwa ni mbili. Tarehe 28 Novemba ni sikukuu ya Bikira Maria wa Kibeho, na tarehe 15 Agosti ni Kupalizwa Mbinguni, siku ambayo mwaka 1982 waonaji walilia mbele ya watu kwa sababu ya maono ya kutisha waliyoonyeshwa. Siku hizo umati hujaa, na anayependa kusali pamoja na maelfu ya waamini wa mataifa mbalimbali atafurahi.

Lakini kama unakwenda kwa sababu moyo umeelemewa, ushauri wangu ni kuziacha siku hizo kwa wengine. Chagua siku za katikati ya wiki, Juni au Julai, wakati wa kiangazi, ambapo unaweza kukaa kanisani bila kusukumwa. Novemba ni mwezi wa mvua, na mvua ya milima ile haichezewi.

Zingatia mambo mawili katika kalenda ya Rwanda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi ni siku ya umuganda, yaani kazi za kijamii, na usafiri husimama kwa saa kadhaa. Mwaka 2026 sikukuu ya Novemba 28 inaangukia Jumamosi hiyo hiyo, kwa hiyo wasafiri wahakikishe wamefika tangu Ijumaa. Jambo la pili ni juma la kuanzia tarehe 7 Aprili, ambalo nchi nzima huwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Si wakati wa msafara wenye ngoma na vigelegele.

Panga kulala Kibeho usiku mbili. Hili ndilo sharti ninalolisisitiza kuliko yote, kwani msafara unaofika saa nne na kuondoka saa kumi hautoi nafasi ya hatua ya sita, na bila hatua ya sita safari inabaki kuwa matembezi. Zipo nyumba za wageni, nyingine zikiendeshwa na watawa. Weka nafasi kabla hujalipa nauli.

Hatua ya 2: Taja uchungu mmoja

Wiki tatu kabla ya safari, chukua daftari uandike jambo moja tu linalokupeleka. Mahujaji wengi hubeba karatasi yenye nia za ukoo mzima: kaka apate kazi, shangazi apone mguu, jirani apate mtoto, kiwanja kiuzike. Nia hizo ni njema na zote zina mahali pake, lakini ziandike kwenye karatasi ya pili utakayoiweka mahali pa kukusanyia nia za Misa. Karatasi ya kwanza ni yako peke yako.

Andika kwa ukweli kabisa. Usiandike "naombea amani katika familia" wakati ukweli ni kwamba hujazungumza na dada yako tangu mlipogombania nyumba ya marehemu baba. Andika hilo la nyumba. Usiandike "naomba afya" wakati kinachokunyima usingizi ni hofu ya kufa na kuwaacha watoto wadogo. Andika hofu hiyo, na majina ya watoto.

Onyo: ombi na uchungu ni vitu viwili. Ombi linamwambia Mungu afanye nini; uchungu unamwambia kilichotokea. Ukiandika ombi peke yake utakwenda Kibeho kusubiri jibu la ndiyo au hapana, na jibu likichelewa utasema hija imeshindwa.

Utajua hatua hii imekamilika pale utakaposita kumwonyesha mtu mwingine karatasi hiyo.

Hatua ya 3: Ungama kabla ya kuondoka

Wengi husubiri kuungama Kibeho. Ni jambo jema, ila kuna vikwazo viwili. Foleni za sikukuu ni ndefu mno, na lugha kuu ya pale ni Kinyarwanda. Mapadre wengi huelewa Kifaransa au Kiingereza, lakini anayeungamisha kwa Kiswahili hapatikani kila saa. Kama hamkusafiri na padre wenu, unaweza kukaa pale siku mbili bila kupata nafasi ya kueleza dhambi zako kwa lugha unayoota nayo ndoto.

Kwa hiyo nenda kwa paroko wako katika wiki ya mwisho, umwambie unakwenda hija, uungame na uombe baraka ya safari. Ukipata nafasi ya kitubio tena Kibeho, itumie kwa yale yaliyoibuka njiani. Safari ya basi, nitasema bila kuficha, huibua mengi.

Hatua ya 4: Vuka mpaka na ufike ukiwa na nguvu

Rusumo ina kituo kimoja cha huduma za mpakani, ambapo taratibu za kutoka na za kuingia hukamilishwa mahali pamoja, upande wa nchi unayoingia. Kila mtu ashike hati yake mkononi. Kiongozi asikusanye pasipoti zote kwenye mfuko mmoja, maana ikikosekana moja basi zima litasubiri. Mkishavuka daraja la mto Kagera, gari huhamia upande wa kulia wa barabara. Dereva ambaye hajawahi kuendesha Rwanda apumzishwe kabla ya hapo, au mkodi gari la Rwanda kuanzia mpakani. Watembea kwa miguu nao wakumbuke kutazama upande usio wa kawaida wanapovuka barabara.

Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja: saa nne asubuhi ya Tanzania ni saa tatu ya Rwanda.

Kutoka Rusumo mtapita Kigali, kisha mtaelekea kusini hadi Huye, mji ambao wengi bado wanauita Butare, umbali wa takriban kilomita 130 kutoka Kigali. Kutoka Huye hadi Kibeho ni kama kilomita 30 za kupanda na kushuka. Anayetapika garini ameze dawa yake Huye, si baada ya kona ya tatu.

Ndani ya basi, gawanyeni muda. Rozari asubuhi, nyimbo mchana, na ukimya wa saa nzima kabla ya kufika. Viongozi wengi huona aibu kuamuru ukimya, wakidhani watu watachoka, kumbe ndio wakati pekee ambapo kila mmoja anaweza kuisoma tena karatasi yake.

Hatua ya 5: Jioni ya kwanza, usifanye chochote kikubwa

Mkifika, ingieni kanisani mwa Bikira Maria wa Mateso Saba, salimuni, kisha mkale na kulala. Uchovu humfanya mtu aone kila kitu kuwa kidogo kuliko alivyotarajia. Kibeho si mji mkubwa, wala majengo yake hayashindani na yale ya Ulaya, na msafiri aliyechoka huanza kulinganisha.

Hapa panahitajika pia adabu ya pekee. Kibeho ni mahali palipojeruhiwa. Aprili 1994 watu waliokimbilia kanisa la parokia waliuawa humo, na mwaka uliofuata kambi ya wakimbizi iliyokuwa hapo hapo ilishuhudia vifo vingine vingi. Mmoja wa waonaji watatu, Marie Claire, aliuawa mwaka 1994. Mhujaji asimuulize mwenyeji kabila lake, hata kwa utani uliozoeleka kwetu. Asipige picha mahali pa kumbukumbu bila ruhusa. Na asimlazimishe mtu kusimulia aliyoyaona. Anayeona ugumu kushika adabu hii akumbuke kwamba mzee anayeketi naye benchi moja kwenye Misa huenda alizika ndugu zake wote mahali hapo.

Nasema haya pia kwa sababu yanagusa tumaini lenyewe. Anayekwenda na huzuni kubwa hapaswi kuogopa kwamba huzuni yake itawaharibia wengine sala. Wanaosali pale wanaifahamu huzuni, na bado wanakuja Misa asubuhi.

Hatua ya 6: Sali Rozari ya Mateso Saba ukiwa na karatasi yako

Hiki ndicho kiini cha safari. Asubuhi ya siku ya pili, baada ya Misa, tafuta mahali pa kukaa peke yako: ndani ya kanisa, katika kikanisa cha matokeo kilicho eneo la shule, au kwenye nyasi za uwanjani. Acha simu chumbani.

Kwa kila teso utasali Baba Yetu mmoja na Salamu Maria saba. Kuna pia Salamu Maria tatu kwa heshima ya machozi ya Bikira Maria. Kwa mwendo wa kikundi, sala hii haichukui muda mrefu. Wewe ipe saa nzima au zaidi, kwa kusimama baada ya kila teso na kuuliza: uchungu wangu uko wapi hapa?

Mateso yenyewe ni haya: unabii wa Simeoni, kukimbilia Misri, kupotea kwa Yesu hekaluni, kukutana naye katika njia ya msalaba, kusimama chini ya msalaba, kuupokea mwili wake, na kumzika. Haitawezekana yote saba yakuguse kwa uzito mmoja, na usijilazimishe. Mzazi ambaye mtoto wake ameondoka nyumbani na simu haipatikani atakwama kwenye la tatu, na akwame. Maria na Yosefu walitafuta siku tatu, wakarudi njia ile ile waliyopita, wakauliza, na walipomkuta Maria hakujifanya kwamba hakuumia: alimwuliza mwanawe mbona amewatenda hivyo. Sala ya namna hiyo inaruhusiwa, na mama aliyezoea kusali kwa maneno mazuri tu huona ajabu kugundua hivyo.

Mkimbizi, au aliyefukuzwa kwenye shamba lake, atakwama kwenye la pili. Anayemuuguza mgonjwa asiyepona atakwama kwenye la tano, ambapo Injili ya Yohane haitaji kitu chochote Maria alichokifanya isipokuwa kusimama. Hakuwa na dawa, hakuwa na la kuwaambia askari. Alikuwepo tu. Mtu aliyechoka kwa kuuguza, anayejilaumu usiku kwamba hafanyi vya kutosha, akae na teso hili hata kama hatamaliza mengine siku hiyo.

Onyo la kwanza: machozi si kipimo. Wapo wanaolia tangu teso la kwanza, wapo wasiolia kabisa, na usianze kujilinganisha na jirani anayegaagaa chini.

Onyo la pili: usitafute maono. Watu hukazia macho jua wakidhani litacheza, na wanachokipata ni madhara ya macho. Aidha, akija mtu kukunong'oneza kwamba ana ujumbe wako maalumu kutoka kwa Bikira Maria, hasa kama ujumbe huo unadai fedha, mwondokee na umweleze padre wa kituo. Vivyo hivyo, usizunguke kijijini kuwatafuta waonaji ili wakuwekee mikono.

Hatua imefaulu pale unapoweza kusema uchungu wako kwa sauti ya chini, kwa sentensi moja, bila kuupamba na bila kumlaumu mtu mwingine ndani ya sentensi hiyo. Huenda bado unauma vile vile. Kilichobadilika ni kwamba haujifichi tena, na tumaini la Kikristo, kama Paulo anavyolipanga katika Warumi 5, huanzia kwenye dhiki, likapita kwenye saburi, ndipo likafika.

Alasiri rudia Rozari hiyo pamoja na wenzako. Utasikia tofauti.

Hatua ya 7: Maji na vitu vya ibada

Teremka chemchemini baada ya hatua ya sita, si kabla. Jaza dumu lako dogo. Mwenye madumu matatu makubwa humchelewesha kila mtu na kulielemea basi. Maji haya ni ishara ya ibada. Si dawa, na hayachukui nafasi ya vidonge vya presha, sukari, virusi vya UKIMWI au kifafa. Anayeacha dawa kwa sababu amekunywa maji ya Kibeho anajihatarisha, na hakuna padre wa kweli atakayemwambia afanye hivyo. Ukitaka kuyanywa, yachemshe kwanza. Moto hauunguzi baraka.

Rozari, medali na sanamu ulizonunua zipeleke zibarikiwe mara moja kwa pamoja.

Hatua ya 8: Ondoka na azimio moja linalofanyika

Usiku wa pili, geuza karatasi yako na uandike nyuma yake jambo moja utakalolifanya ndani ya siku saba za kwanza nyumbani. Liwe dogo kiasi cha kufanyika na wazi kiasi cha kuulizwa. "Nitakuwa mtu wa sala" halifai. "Jumatano nitampigia dada simu, nitamsalimia, sitazungumzia nyumba" linafaa. "Nitampeleka mume wangu kwa mshauri wa parokia" linafaa. Mjane mwenye kesi ya ardhi anaweza kuandika kwamba Jumatatu atakwenda baraza la kata akiwa na nyaraka zake. Mpe mwenzako mmoja wa msafara ruhusa ya kukuuliza.

Wakati wa kurudi, kumbuka kwamba mkivuka Rusumo mnapoteza saa moja, kwa hiyo basi la kuunganisha lisipangwe kwa kubana. Sogeza saa mbele mkiwa bado foleni ya Uhamiaji.

Nyumbani, endelea na Rozari ya Mateso Saba kila Jumanne na Ijumaa, siku ambazo waamini wa Kibeho huzitenga kwa ajili yake. Ukiombwa na jumuiya ndogo ndogo utoe ushuhuda, subiri mwezi upite, na useme ulichokifanya badala ya ulichokihisi. Ushuhuda wa wiki ya kwanza huwa na chumvi nyingi. Kama baada ya mwezi usingizi umekataa kabisa, chakula hakipiti au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda hospitali na umweleze pia paroko wako. Huzuni ya namna hiyo inahitaji matibabu pamoja na sala.

Na kama unafikiria kumpeleka mama au mgonjwa mwakani, ulizia chumba cha chini kisicho na ngazi sasa hivi, maana vyumba hivyo ndivyo vinavyokwisha mapema.